Tiba ya Kurudi: Kasongo, Kabambare na Mshipa wa Mgonjwa wa Figo

Tarehe 27 Februari 1905 tabibu kijana wa Kiingereza, Joseph Everett Dutton, alifariki Kasongo akiwa na miaka 30. Alikuwa ametumwa Kongo na Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool pamoja na mwenzake John Lancelot Todd, na kazi iliyowashughulisha miezi hiyo ni homa ya papasi, ile inayomshika mtu siku chache, ikamwachia kana kwamba imekwisha, kisha ikamrudia. Walithibitisha kuwa papasi, yule kupe laini anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku, ndiye anayeieneza. Wote wawili waliipata homa waliyokuwa wakiichunguza. Todd akapona, Dutton hakupona. Kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina la marehemu, Borrelia duttonii, na jina hilo limo katika vitabu vya tiba ulimwenguni kote. Ugunduzi uliondoka na masanduku ya Todd. Papasi walibaki katika nyufa. Kwa muda mrefu ndivyo tiba ilivyofika kusini mwa Maniema: kama msafara. Ilikuja, ikatazama, ikachoma sindano, ikaondoka. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba historia hiyo ya misafara, pamoja na kipindi kimoja kifupi kilichoivunja, ndiyo inayotueleza kwa nini tiba fulani za kisasa hazishiki mizizi Kasongo na Kabambare, na wapi pa kuanzia tukitaka zishike. Mfano nitakaouchukua ni wa mbali kabisa na nyumba za udongo: puto dogo linaloingizwa mkononi mwa mgonjwa wa figo kuufungua mshipa uliosinyaa. Nimeuchagua kwa sababu watu hudhani kikwazo chake ni bei na mitambo. Bei ni kikwazo, mitambo pia; ila kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba tiba hii haiishi. Inamtaka mgonjwa arudi, na inamtaka mganga awe bado yupo.

Figo zikishindwa kabisa, mashine hufanya kazi yake kwa kuitoa damu mwilini, kuisafisha na kuirudisha. Kazi hiyo, yaani dayalisisi, huchukua kama saa 4, mara 3 kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka, na kila mara hutumia takriban lita 120 za maji yaliyochujwa kwa uangalifu mkubwa. Willem Kolff aliunda mashine ya kwanza ya kuwafaa watu huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Mgonjwa wa kwanza kuokolewa nayo alipatikana mwaka 1945. Hata hivyo, kwa miaka 15 iliyofuata mashine ilimfaa tu yule ambaye figo zake zingeamka zenyewe baada ya siku chache, kwa kuwa kila alipounganishwa ilibidi mishipa ichanwe na kufungwa, na mishipa ya mtu ina kikomo. Mashine ilikuwapo, mlango wa kuingilia mwilini haukuwapo. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle aliuacha mrija wa Teflon mkononi mwa mgonjwa wake Clyde Shields ukae humo, na Shields akaishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa Bronx, New York, wakiwemo Michael Brescia na James Cimino, walichapisha njia iliyo bora hadi leo: kuunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono, ili vena ipokee damu ya kasi, inenepe, na ivumilie sindano nene juma baada ya juma. Muungano huo huitwa fistula, nao hauhusiani na fistula ya uzazi ambayo msomaji wa mashariki mwa Kongo ameisikia zaidi. Kwa mgonjwa wa figo huo ndio uzi wa maisha.

Vena lakini haikuumbwa kubeba kasi ya ateri. Inapolazimishwa, seli za ukuta wake huzaliana kuelekea ndani, njia ya damu inakuwa nyembamba, mashine inakosa damu ya kutosha, na siku moja damu inaganda na mlango unafungwa. Dawa ya hali hiyo ilitoka katika ugonjwa mwingine. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Oregon, Charles Dotter alipitisha vijirija, chembamba kwanza na kinene baadaye, katika ateri ya mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, na mguu ukapona. Wenzake wa Marekani walimwona mtu wa vituko. Huko Zurich, Andreas Grüntzig alilichukua wazo hilo akatengeneza puto kwa mikono yake, tena kwenye meza ya jikoni kwake, akalitumia miguuni mwaka 1974 na katika mishipa ya moyo tarehe 16 Septemba 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa picha za mwili walikuwa wamekwisha kulipeleka katika fistula za wagonjwa wa figo. Sindano hutangulia, waya laini hupita mahali palipobana huku daktari akiutazama kwenye kioo cha eksirei, puto hufuata juu ya waya na kujazwa kwa shinikizo kubwa, mara nyingi zaidi ya lile la mishipa ya moyo, kwa kuwa kovu la vena ni gumu. Mgonjwa huweza kwenda kwenye mashine siku hiyohiyo. Lakini kulipanua kovu ni kulijeruhi, na jeraha huota tena. Miongozo ya Marekani ilikuwa ikihesabu kazi kuwa njema ikiwa nusu ya mishipa iliyopanuliwa ingali wazi baada ya miezi 6. Puto lililopakwa dawa ya paclitaxel, lililojaribiwa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, lilifikisha asilimia 82 kwa kipindi cha kiasi hicho, dhidi ya asilimia 60 hivi za puto la kawaida. Ni maendeleo ya kweli. Bado ni ahadi ya miezi, si ya maisha.

Sasa turudi Maniema, tena nyuma zaidi ya Dutton. Kabambare na Kasongo vilikuwa vituo katika njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda Nyangwe, na tiba ya njia hiyo ilikuwa ya wapita njia. Msafiri Livingstone aliwasili Kabambare, aliyoiandika Bambarre, Septemba 1869, bila dawa, kwani sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea na wapagazi watoro tangu Januari 1867. Kuanzia Julai 1870 vidonda vya miguu vilimlaza huko kwa miezi, hata Februari 1871 ndipo alipoweza kushika njia. Kilichomsaidia, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikutoka Ulaya: ni malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, likisagwa na maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Ukweli huo haupaswi kupita haraka, maana mara nyingi historia ya tiba Maniema huanzwa na Mzungu mwenye sindano, na hapa Mzungu ndiye mgonjwa na dawa ni ya wenyeji na wapita njia. Njia iliyoleta ujuzi ndiyo hiyohiyo iliyoleta kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, kilichotoka pwani na Unguja kikafuata misafara hadi Maniema. James Christie, daktari aliyeishi Unguja, aliifuatilia njia yake kituo kwa kituo katika kitabu alichochapisha mwaka 1876. Miaka michache baadaye mfanyabiashara Tippu Tip alijiimarisha Kasongo, mji ukakua, na mwanawe Sefu akabaki humo. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yaliuteka mji, na miongoni mwa maofisa wake alikuwa Sidney Langford Hinde, daktari wa jeshi. Kwa hiyo daktari alifika Kasongo pamoja na bunduki, na aliondoka pamoja nazo, akaenda kuandika kitabu. Simlaumu Hinde kwa hilo. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia askari. Ninachosema ni kwamba mpangilio wa mambo ulikwisha wekwa.

Utawala wa Kibelgiji uliuchukua mpangilio huo na kuufanya mfumo. Adui mkuu alikuwa malale. Timu za kuhamahama zilipita kijiji kwa kijiji, watu wakapangwa mistari, tezi za shingo zikapapaswa, waliopatikana wakachomwa atoksili, na baadaye triparsamidi. Safari ya mtu kutoka eneo moja hadi jingine ikahitaji pasipoti ya kitabibu. Maryinez Lyons ameonyesha, kwa kaskazini mwa Kongo, jinsi kampeni hiyo ilivyokuwa ya utawala kama ilivyokuwa ya afya. Ni haki kukiri kwamba ilifanikiwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 wagonjwa wapya wa malale katika Kongo nzima walikuwa wameshuka hadi kiasi cha elfu moja na kitu kwa mwaka. Wapo wanaosema, kwa ushahidi huo, kwamba msafara ni njia nzuri ya tiba kuliko kituo, hasa katika nchi yenye barabara mbovu. Ninawajibu kwa takwimu ya upande wa pili: timu zilipokosa fedha na kuacha kuzunguka, malale yalirudi, na mwaka 1998 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Kampeni ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa inarudi kila mara. Siku ilipoacha kurudi, mafanikio yakayeyuka. Na malale ni ugonjwa unaokubali kampeni: unapimwa, unachomwa, unakwisha. Shinikizo la damu halikwishi. Kisukari hakikwishi. Figo iliyokufa haifufuki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa magonjwa haya mgeni atakuja na kuondoka, na mwenyeji ataugua palepale.

Kipindi kilichovunja desturi ya misafara kilianza mwaka 1971, pale Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilipoanzisha, pamoja na serikali ya Zaire, kazi iliyojulikana kama Mradi wa Kasongo. Wenye mawazo walikuwa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, na waliofanya kazi mahali penyewe walikuwa Wabelgiji na Wakongo, miongoni mwao Wim Van Lerberghe na Pangu Kaza Asila. Wazo lao likielezwa leo linaonekana la kawaida, na hilo lenyewe ni ushahidi wa ushindi wake. Kila kituo cha afya kiwe na watu wake wanaojulikana, wapatao 10,000 hivi, na muuguzi mmoja au wawili wanaowafahamu. Tiba, chanjo, uzazi, kifua kikuu na ukoma visigawanywe kwa timu tofauti zinazopita kwa zamu, bali vifanywe na watu walewale katika nyumba ileile. Mgonjwa awe na faili linalobaki kituoni, ili akirudi baada ya miezi mitatu mtu ajue alikuja kwa nini na aliambiwa nini, na akiacha kurudi ijulikane kuwa ameacha. Muuguzi aongozwe na michoro ya maamuzi, hatua kwa hatua, imfikishe mahali pa kutibu mwenyewe au kumpeleka mgonjwa hospitali. Na hospitali ya Kasongo isipokee kila homa, bali ifanye yale ambayo kituo hakiwezi, kama upasuaji wa uzazi na ngiri iliyokaba. Mercenier alisisitiza neno moja, mwendelezo. Mwaka 1984 timu ya mradi ilichapisha hesabu zake ikionyesha kwamba huduma ya msingi ya namna hiyo iliwezekana kwa chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka. Tusisahau kwamba haya yalianza miaka 7 kabla ya Tangazo la Alma-Ata la mwaka 1978 juu ya huduma ya afya ya msingi. Kasongo haikusubiri kufundishwa huduma hiyo. Ilikuwa darasani kama mwalimu.

Jambo lililouletea mradi sifa, na ugomvi, ni surua. Mwaka 1981 timu ya Kasongo ilichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa na wasiochanjwa. Chanjo ilipunguza vifo katika umri wa surua, lakini kwa usomaji wa timu, sehemu ya faida hiyo ilipungua baadaye, kana kwamba baadhi ya watoto waliookolewa kutoka kwa surua walichukuliwa na ugonjwa mwingine. Peter Aaby, aliyekuwa akifanya kazi Guinea-Bisau, aliupinga usomaji huo mara moja, na mwaka 1995 yeye na wenzake walichambua upya tafiti kadhaa wakaonyesha kwamba chanjo ya surua huokoa maisha zaidi hata ya yale ambayo surua pekee ingechukua. Kwa swali la chanjo, naona Aaby alikuwa sahihi, na shaka ya Kasongo ilikuwa na hatari ya kutumiwa na wasiotaka kuchanja. Lakini swali lililokuwa nyuma ya utafiti ule halikufa kwa jibu la Aaby. Timu ilikuwa inauliza kama tendo moja, likitendwa mara moja na kuachwa, linatosha kumweka mtu hai. Kwa surua jibu lilikuwa zuri kuliko walivyodhani. Kwa figo jibu ni baya kuliko mtu yeyote angependa. Mapitio yaliyoongozwa na Gloria Ashuntantang wa Kameruni, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalikusanya tafiti za nchi za Afrika kusini mwa Sahara na kukuta kwamba kati ya watu wazima waliofuatiliwa tangu walipoanza kusafishwa damu, takriban asilimia 88 walikufa au walidhaniwa kufa, na ni kama mmoja tu katika kumi aliyeendelea kwa miezi 3 au zaidi. Mashine ziliwaokoa kwa siku. Zilikosa kuwaweka, kwa sababu familia ziliishiwa fedha, na wengi walianza kwa katheta ya shingoni bila kufikia hatua ya kuwa na fistula ya kusinyaa. Kwa maneno mengine, katika sehemu kubwa ya bara hili kusinyaa kwa fistula ni tatizo la waliobahatika.

Hapo mpinzani wa kwanza hunyanyua mkono. Huduma ya msingi, atasema, ilikuwa tiba ya kimaskini kwa maskini: Antwerp ilijitengea mashine, Kasongo ikapewa muuguzi na mchoro wa maamuzi. Pingamizi hilo lina uzito, na sehemu yake ni kweli. Miaka ya 1980 wafadhili wengi waliigeuza huduma ya msingi kuwa orodha fupi ya vitu vya bei rahisi. Lakini watu wa Kasongo hawakuwa upande huo. Watafiti wa Marekani Walsh na Warren walipopendekeza mwaka 1979 huduma ya kuchagua magonjwa machache yenye faida ya haraka, upinzani mmojawapo mkali ulitoka kwa walimu hao wa Antwerp, na mkutano wao wa mwaka 1985 ulikuwa wa kuikataa. Kwao hospitali ilikuwa nusu ya mfumo, si anasa. Na ukiitazama kazi yenyewe ya fistula utaona kwamba muuguzi si mbadala wa puto. Ndiye anayelifanya lifae. Fistula nzima hutetemeka chini ya vidole kama uzi uliovutwa. Inaposinyaa, mtetemo huo hugeuka kuwa pigo gumu. Mkono ukiinuliwa, vena iliyopaswa kulala inabaki imevimba. Sindano ikitolewa, damu inachelewa kukauka. Ishara hizo hazihitaji umeme. Miongozo ya Marekani iliyotolewa upya mwaka 2020 inaweka mbele ukaguzi huu wa mkono na macho, kwa kuwa kupima kwa mitambo kila mara hakujathibitika kuurefusha uhai wa fistula kuliko mkono uliofundishwa, na inashauri mshipa usipanuliwe kwa puto kabla dalili hazijaonekana. Mchoro wa maamuzi wa Kasongo na ukaguzi huo ni ndugu wa tumbo moja.

Mpinzani wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu anazungumza kwa historia. Mradi wa Kasongo nao, atasema, ulikuwa wa wageni. Fedha za Ubelgiji zilipokatika, ulikatika. Kweli, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire mwaka 1990 baada ya mauaji ya wanafunzi wa Lubumbashi. Mwaka 1991 ukaja uporaji mijini, mwaka 1996 vita ya kwanza, mwaka 1998 ya pili, na kusini mwa Maniema kukagawanyika kati ya waasi wa RCD na wanamgambo wa Mai-Mai, miji ikiwa chini ya hawa na misitu chini ya wale. Baadaye dhahabu ya Namoya, katika eneo la Kabambare, ilileta kampuni na watu wenye silaha kwa pamoja, na mwaka 2019 mgodi ukasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Nani angeendelea kutunza mafaili? Hata hivyo, tofauti na masanduku ya Todd, kilichojengwa Kasongo hakikuondoka chote. Kanda za afya 306 ambazo Zaire ilizichora katikati ya miaka ya 1980 zilitokana na majaribio machache, na Kasongo ilikuwa miongoni mwa yale yaliyosikilizwa zaidi. Leo nchi ina kanda 519 kwa mfano uleule wa vituo na hospitali ya rufaa. Kabambare ni kanda mojawapo. Vita viliziacha bila dawa na bila mishahara, lakini muundo ulibaki, na mashirika yaliyokuja kusaidia yaliingia kupitia huo. Pangu aliyaandika mafunzo hayo katika tasnifu aliyoitetea Brussels mwaka 1988. Van Lerberghe akaongoza uandishi wa Ripoti ya Afya ya Dunia ya mwaka 2008, iliyotetea huduma ya msingi upya. Mradi wa wageni unapimwa kwa kile wenyeji wanachoweza kuendelea nacho hata wakiwa wamefungiwa njia, na kwa kipimo hicho miaka ile haikupotea.

Mfano wa karibu wa ufundi wa puto na waya unathibitisha hoja kutoka upande mwingine. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2018 kufundisha tiba zinazoongozwa na picha pamoja na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale. Wageni hao wangeweza kuja mara moja, kufanya kazi ngumu ishirini, kupiga picha na kurudi kwao. Badala yake timu zilifuatana mwezi baada ya mwezi, shahada ya uzamili ikafunguliwa chuoni Muhimbili mwaka 2019, na Watanzania wakaanza kufanya kazi hizo wenyewe. Ufundi haukuwa wa muujiza kuliko ule wa kambi za kitabibu za wiki moja tunazozisoma magazetini. Ratiba ndiyo iliyokuwa tofauti.

Je, Kasongo ipewe chumba cha dayalisisi kesho? Sidhani, na nasema hivyo bila kuona haya. Mji usio na umeme wa kuaminika wala maji ya kutosha hautaweza kutoa lita 120 safi kwa kila mgonjwa mara 3 kwa wiki, na chumba kinachofungwa baada ya miezi 4 ni ukatili kwa waliokitegemea. Lakini ugonjwa wa figo upo. Utafiti wa Ernest Sumaili na wenzake Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2009, uliwakuta na ugonjwa sugu wa figo asilimia 12.4 ya watu wazima waliopimwa, wengi mno wakiwa hawajui. Kinshasa si Kabambare, ila presha haiulizi mtu anaishi wapi. Wapo pia watoto ambao malaria kali huzizima figo zao kwa siku chache tu. Hao hawahitaji fistula wala puto; wanahitaji kusafishwa kwa maji ya tumboni, kwa mrija laini, mpaka figo ziamke, na kazi hiyo imefanywa na hospitali za Afrika zisizo tajiri. Huduma ya kwanza ya figo kusini mwa Maniema ingepaswa kuwa hiyo, katika hospitali ya Kasongo, ikiwa na maji yake na watu wawili watatu waliofundishwa. Ya pili ni kipimo cha presha na kijiti cha kupimia protini katika mkojo kwenye kila kituo, pamoja na faili linalobaki kituoni. Mashine na puto vikae kwanza mji wenye umeme, na wanaopelekwa huko wapelekwe wakiwa na barua na nauli ya kurudi.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kusubiri mradi wowote, na ninaliomba kwa wauguzi wa Kasongo, Kabambare, Salamabila na Samba. Mtu ambaye mkojo wake una protini, presha yake haishuki na miguu inavimba, asichomwe dripu wala kutolewa damu katika mkono asioutumia kwa kazi, kati ya kiganja na kiwiko. Tumieni mshipa wa nyuma ya kiganja, na liandikeni hilo katika faili lake. Vena hiyo ikiharibiwa na sindano za dripu leo, hakuna daktari wa Kinshasa wala Dar es Salaam atakayeweza kuitumia kumtengenezea fistula miaka mitano ijayo.